Mkono Uliobaki Kazini

Kikundi cha waliokatwa viungo kilikutana kila Jumanne alasiri, katika chumba cha hospitali kilichopakana na stoo ya mashuka. Mshauri, dada mpole aliyependa kusema "tupumue kwanza," alimpangia kila mtu viti viwili: kimoja chake, kingine cha kiungo chake. Aliwaambia wavialike viungo vyao waagane navyo vizuri, maana asiyeagana na kiungo chake hapati usingizi. Viungo vikaitika.

Mguu wa Refa uliingia wa kwanza, na kiatu chake cha mpira. Wa Mama Cherehani ulichelewa, ukasamehewa. Ngazi za hospitali zile si mchezo. Refa na mguu wake walinuniana mpaka wakapatana kuhusu penalti moja ya zamani, ambayo kumbe mguu ulikuwa umeiona vizuri kuliko yeye.

Kiti cha pili cha mwokaji wa mikate ndicho kilichobaki kitupu. Mkono wake wa kulia ulimezwa na mashine ya kukandia unga, ile ambayo bosi aliing'oa kifuniko ili kazi iende mbio. Alipotoka wodini akarudi kiwandani, aliambiwa nafasi yake imeshapata mtu. Akachungulia dirishani. Mkono wake ulikuwa unakanda.

"Mfanyakazi wa namna hii sijapata kuona," bosi alikuwa akiwaambia wengine. "Hauli, haukohoi, na mdomo hauna!"

"Wako haujaja tena?" Refa alimuuliza mwokaji pale kikundini.

"Uko kazini."

"Loo, maskini! Kaachwa kwa ajili ya unga," alisema Mama Cherehani.

Wote wakacheka, mwokaji naye akacheka, lakini ilimuuma. Aliuonea wivu mkono ule, wivu wa kweli. Ndio uliomvisha mkewe pete, ndio uliompokea binti yake alipozaliwa. Alitaka uje mara moja tu, waagane, naye alale kama watu.

Mkewe akachoka kumsikia akigeukageuka kitandani. Alipokwenda kununua mkate alipitia nyuma ya kiwanda, akausemesha mkono bila kuzunguka: "Baba watoto anakusubiri Jumanne. Usimtie aibu mbele za watu." Mkono ukainua dole gumba, ukaendelea kukanda.

Jumanne mlango ukagongwa. Mkono uliingia umejaa unga hadi kwenye kiwiko, ukajipandisha kitini. Mwokaji aliuinamia, akanusa hamira, akalia bila haya.

"Karibu, ndugu yangu. Umenitesa, wewe!"

Akaunyooshea mkono wa kushoto, wakashikana. Miaka yote waliyoishi pamoja hawakuwahi kusalimiana. Mwokaji alikuwa bado anautikisa kwa furaha alipohisi kwamba kuna kitu kimepungua. Akaugeuza. Kidole cha shahada hakikuwepo. Palifungwa kitambaa cha kufutia meza.

"Ile mashine?" aliuliza.

Dole gumba likainama, ndiyo.

"Kifuniko bado hawajarudisha?"

Mkono ukalala chali kitini, kiganja wazi, kama mtu asemaye, kwani wewe humjui bosi?

"Pole sana," mshauri alisema. "Na kidole chenyewe, hakikualikwa?"

Mkono uliinuka, ukaelekeza dole gumba dirishani, upande wa kiwanda. Mwokaji akawageukia wenzake.

"Kiko kazini," alisema.

Mshauri akavuta pumzi. Akaingia stoo, akarudi na kigoda kidogo, akakiweka kando ya kiti cha mkono.