Rangi Chini ya Bobini

Mzee Libère aliketi juu ya kreti tupu ya soda, mgongo ukiegemea ukuta wa gereji, na macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya fundi. Sultani alipoinama kuchukua spana, Libère naye aliinama. Sultani alipofuta kipuri kwa kitambaa na kukiweka kando, Libère alikifuata kwa macho mpaka kilipotulia mezani.

Mota ya boti lake ilikuwa imefungwa kwenye ukingo wa pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji, rafadha ikiwa imezama. Sultani akavuta kamba. Mota ikaguna, ikanyamaza. Akavuta tena, ikaguna vilevile, kama mtu anayegeuka kitandani bila kuamka. Fundi akaachia kamba, akajifuta jasho, akatazama nje, ambako Buyenzi yote, mtaa wa mafundi, ilikuwa ikigonga vyuma.

Kesho yake asubuhi wanajeshi wa majini wangesindikiza msafara wa maboti kwenda Rumonge na kurudi. Léocadie, mkewe Libère, alikuwa huko. Alikwenda kumzika mama yake, na alipotaka kurejea akakuta barabara ya kusini haipitiki, maana magari yalikuwa yanaviziwa na kuchomwa moto. Habari ya mwisho aliyoituma kwa mdomo wa muuza samaki ilikuwa kwamba wanalala migombani kwa hofu, yeye na wanawake wenzake, na mguu umemvimba hata viatu havimwingii. Msafara mwingine ungekuwa lini, hakuna aliyethubutu kusema. Boti ambalo haliwaki lingebaki ufukoni, na Léocadie angebaki migombani.

Libère alikuwa karani wa ushuru bandarini mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimzoeza kutoamini sanduku lolote kabla halijafunguliwa. Sasa, mwaka ule wa vikwazo, nchi jirani zikiwa zimefunga mipaka, kipuri halisi kilikuwa adimu kuliko sukari. Kwao, mtaa wa Kinanira, watu walisimuliana habari za mafundi wa Buyenzi: unapeleka mashini nzima, unarudishiwa ganda. Unapewa mota ile ile, rangi ile ile, lakini moyo wake umeshauzwa. Libère hakumjua Sultani kabla ya hapo. Alielekezwa kwake na Akilimali, nahodha wa boti lake, na hilo nalo lilimkereketa. Kwa nini Akilimali, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, amsifu fundi huyu na si mwingine? Wanagawana nini?

Fundi naye hakuwa ametulia. Mara kadhaa, kwa kuzungukazunguka, alikuwa amemuuliza Libère boti linakwenda wapi, litabeba nani, na nani aliyetoa ruhusa. Kulikuwa na fundi mwenzake wa mtaa wa pili aliyetengeneza mota kwa nia njema, ikaja kusemekana kuwa imevusha watu wenye bunduki. Fundi yule alichukuliwa mchana, na mkewe alikuwa bado anazunguka magerezani akimtafuta.

Sultani akachomoa bujie, kile kidude kinachopiga cheche, akakigusisha kwenye chuma cha mota na kuvuta kamba. Cheche haikuonekana. Akaweka nyingine, mpya. Hapakuwa na kitu.

"Baba Dévote," akasema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza kama ilivyo adabu, "uliniambia hii mota inawaka kwa shida. Hii haiwaki kabisa. Kuna kitu unanificha."

"Iliwaka ufukoni siku moja kabla ya kukuletea, na watu waliona," Libère akajibu. "Imekufa mikononi mwako."

"Mi nilisafisha karbirateri tu."

"Wewe ndiye unayejua ulichosafisha."

Fundi alisema, kwa sauti ya kujizuia, kwamba kilichobaki ni bobini, ile inayotengeneza umeme wa cheche, na kwamba huenda imeungua. Libère aliposikia neno bobini aliwaza: ndiyo hiyo. Ndiyo iliyouzwa. Aliinuka kwenye kreti akasema bobini ifunguliwe hapo hapo, mbele yake, na asiiguse mtu mwingine.

Alikuwa na sababu ambayo hakuitaja. Usiku wa kabla ya kuileta mota gereji, aliifungua nyumbani akaitia alama. Vyuma vyote alivikwaruza kwa ncha ya msumari, mkwaruzo mdogo mahali pa kujificha. Bobini haikukubali msumari, kwani gamba lake lingepasuka. Basi akaingia chumbani, akachukua kichupa cha rangi ya kucha ya Léocadie, akaifungua bobini na kuipaka chini kabisa, mguuni, pale inapokalia chuma cha mota. Akaipaka na boliti yake. Alipaka kwa uangalifu wa mtu anayepiga lakiri kwenye shehena, akaacha ikauke, akairudisha. Mwizi angeona wapi? Kama leo mguu ule hautakuwa na wekundu, fundi amekwisha.

Sultani akafungua. Akaigeuza bobini kiganjani, na Libère akasogea mpaka pumzi yake ikamgusa fundi shingoni.

Rangi ilikuwepo. Nyekundu, nzima, inang'aa.

Kwa muda mfupi Libère alihisi nafuu, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake haujavunjwa. Bobini ni yake. Fundi si mwizi. Kisha akaona uso wa Sultani umebadilika.

Fundi alikuwa anakwangua ile rangi kwa ukucha wa kidole gumba, polepole. Akaangalia boliti, akakuta rangi hapo pia. Akaenda mlangoni, akavuta bati la kufungia mpaka gereji ikawa na giza nusu, akarudi na kuongea chini chini. Alieleza kwamba umeme wa bobini lazima urudi kupitia chuma, na chuma hakimgusi mwenzake kikiwa kimepakwa rangi. Hiyo haikuwa kutu, wala haikuwa kazi ya kiwandani.

"Huu ni mukono wa mutu," akasema. "Kuna mutu alitaka hii mota ife majini."

Libère akarudi kukaa kwenye kreti.

Sultani alishaanza kupiga hesabu yake. Ni nani anayeishika mota hii kila siku? Ni Akilimali. Nani anajua boti litatoka lini na kupita wapi? Akilimali. Boti likizimika katikati ya maji, nyuma ya msafara, watakaolifuata si wavuvi, ni watu wenye bunduki. Na baada ya hapo wanajeshi watauliza nani aliitengeneza mota mara ya mwisho. Yeye hatasubiri kuulizwa. Kuna kizuizi cha wanajeshi mwisho wa barabara, atakwenda mwenyewe na bobini mkononi, atasema alichokiona kabla ya kusemwa.

"Tusiharakishe," Libère akasema.

"Nikinyamaza, kesho wanakuja kwangu. We umezoea ofisi, Baba Dévote. Huku wanaanza kupiga, kuuliza kunafuata."

Na kwa bahati mbaya, wakati ule ule bati likagongwa. Alikuwa Akilimali, mrefu, kandambili mkononi, amekuja kuona kama mota imepona. Alileta dumu la esansi, yaani petroli, kichwani na alikuwa amefurahi kulipata mtaa wa Jabe bila maji ndani yake. Alipoona wawili wale gizani, furaha ikamtoka. Sultani alimwambia aingie, kisha akasimama kati yake na mlango. Akamuuliza alikuwa wapi usiku wa kabla ya mota kuletwa. Akilimali alisema alikuwa kwake. Na nani? Peke yake. Nani alimwona? Akilimali akamtazama Libère, akitaka kujua mchezo huu ni wa nini.

Libère alikuwa anatazama sakafu. Mawazo yake yalikwenda kasi, na hayakuwa mawazo ya kupendeza. Akisema, ataaibika mbele ya watu hawa wawili, na fundi aliyetukanwa anaweza kuifunga gereji. Mota italala humu na msafara utaondoka. Asiposema, Sultani atakwangua rangi, mota itawaka, na boti litapata nahodha mwingine. Akilimali atakwenda kizuizini, labda ataulizwa tu na kuachiwa. Na tena, sauti ile ya zamani ya karani ikamnong'oneza, una hakika gani kwamba Akilimali ni mtu safi? Rangi si yake, sawa. Lakini je, hana mengine?

Sultani akaifunga bobini ndani ya kitambaa, akaitia mfukoni na kuushika mkono wa Akilimali.

"Ni mimi," Libère akasema.

"We nini?"

"Hiyo rangi. Nimeipaka mimi. Ni ya mke wangu, ya kucha. Nilitaka kujua kama utanibadilishia bobini."

Sultani akauachia mkono wa Akilimali. Aliyeanza kucheka ni Akilimali.

"Mzee kaipaka mota kucha," akasema. "Kesho tuivalishe hereni, twende nayo harusini." Halafu kicheko kikakatika, maana alikuwa ameelewa kwamba mkono wa Sultani ulikuwa unampeleka kwa wanajeshi. "Na we ulikaa kimya. Nimeulizwa nililala wapi, we unaangalia chini."

"Zile alama za musumari niliziona siku ya kwanza," Sultani akasema hatimaye. "Kila mutu anaweka. Mwingine alifunga uzi. Sikukasirika. Lakini mutu kuziba njia ya umeme kwa mikono yake, halafu anikalie hapa kama polisi..." Hakumaliza. Alifungua bati, mwanga ukaingia, akachukua wembe na kuikwangua rangi yote mpaka chuma kikawa cheupe. Akaosha kwa esansi, akafunga boliti. Akavuta kamba.

Mota ikakohoa moshi wa bluu, ikashika, maji ya pipa yakachafuka na kuwarukia miguuni. Hakuna aliyeshangilia.

Libère alianza kupanga safari kwa sauti, wapi wakutane na saa ngapi, lakini Akilimali akamkatiza. Alisema atakwenda Rumonge, ila asidhani anakwenda kwa ajili yake. Anamwendea Mama Dévote, aliyempikia uji alipolala na malaria. Kila boti limeruhusiwa watu wawili wa kwenda. Yeye ni wa kwanza, na wa pili atakuwa fundi.

"Na mimi?"

"We unabaki. Siwezi kuendesha na macho yako mugongoni."

Libère akamgeukia Sultani, akitumaini kwamba atakataa. Sultani alisema atakwenda. Mota ikizimika huko, anataka kuwa mle botini, asije kusikia kwamba aliiua yeye.

Asubuhi ufukoni maboti yalikuwa yamepangwa, pua mchangani. Sajini alipita boti hadi boti. Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye boti asiyesafiri anaacha kitambulisho chake, na wanaokwenda wasiporudi, au wakirudi na kitu kisichotakiwa, anashikwa yeye.

"Hawa wawili unawajua?" sajini akauliza.

Ziwa lilikuwa limetulia. Upande wa pili milima ya Uvira ilionekana karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mabonde yake, na Libère alijua kuwa huko mota kama ile ingepata mnunuzi kabla ya adhuhuri. Alijua pia kwamba Akilimali ana ndugu huko. Hakujua ukoo wa Sultani, wala alikozaliwa. Mle botini wote wawili walikuwa wamegeuka, wanamtazama.

"Nawajua," Libère akasema. "Ni watu wangu."

Sajini akachukua kitambulisho, akakichanganya na vya wengine. Akilimali akavuta kamba, mota ikawaka, boti likarudi nyuma na kugeuka. Libère alilifuata kwa macho mpaka mlio wake ukachanganyika na milio ya wenzake na asiweze tena kuutofautisha. Ndipo akakaa mchangani, akageuza uso kusini.