Neno Ambalo Mzee Salmini Hakutaka Kulisikia

Kila alasiri treni ya kwenda Dar es Salaam ilipopiga honi stesheni ya Tabora, Mwalimu Ambrosi aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mlio ukamezwa na misitu ya mashariki. Huko mashariki kulikuwa na Igalula, na Igalula kulikuwa na Pelagia. Mwaka mzima wa uchumba walikuwa wameonana mara chache tu, daima mbele ya watu. Alichobaki nacho ni sauti yake akiwafundisha kusoma akina mama wa kijiji cha ujamaa, ikipanda na kushuka taratibu kama mtwangio.

Asubuhi moja Mzee Masolwa, baba yake Pelagia, alituma salamu. Mahari imetimia, isipokuwa thamani ya ng'ombe wa mwisho. Jumatano ya Majivu imekaribia, na padri hafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Fedha isipofika leo, binti ataondoka na masista kwenda Songea kusomea uuguzi, miaka mitatu.

Mshahara ulikuwa bado. Ambrosi akaenda kwa mkopeshaji wa nyuma ya soko, ambaye hakumuuliza hata jina: kwa kila shilingi nne, arudishe tano.

"Huu ni wizi uliokalia kiti," Ambrosi alimwambia, akatoka.

Chama cha akiba cha parokia kilimwamini na kingemtoza kidogo, lakini kamati ingekaa mwisho wa mwezi. Ndipo akavuka kwenda mtaa wa Ng'ambo, kwenye duka la Mzee Salmini. Humo marehemu baba yake Ambrosi, Ngollo, alikuwa akileta nta na asali. Na humo yeye mwenyewe alilipia sukari na mafuta ya taa siku ya mshahara, kabla hajafika nyumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo si wa kununua sukari."

Ambrosi akaeleza haja yake. Kabla hajamaliza, mkono wa mzee ulikwisha kuingia kwenye mtoto wa meza.

"Nitarudisha mwisho wa mwezi," Ambrosi akamalizia, kifua mbele kama aliye kwenye gwaride la shule, "na nitaongeza senti kumi kwa kila shilingi. Sipendi kubebwa."

Mkono ukatoka mtupu.

"Umesema nini? Bweni limekufundisha hesabu, adabu likasahau! Unataka nile nyongeza ya mkopo, nile moto uzeeni?"

Nyuma ya pazia Bi Fakhria, mkewe, akacheka. "Mwache, baba Thuraya. Huyo hata posa atapeleka kwa asilimia!"

"Mzee, mtu mwenye heshima hulipia alichonufaika nacho."

"Na mwenye dini hauzi siku za Mungu. Baba yako alipokopa alirudisha changu, basi. Siku nyingine kabisa alimletea mama yako huyu wa nyuma ya pazia asali, na hakuna aliyeuliza. Wewe shukrani yako umeitia bei kabla hujabeba fedha! Kwa sharti hilo, sikupi."

Mbali, upande wa Kigoma, honi ikalia. Treni ilikuwa inakaribia Tabora.

Ambrosi alisimama wima. Alilelewa asimwombe mtu, na hakuona aibu kwa malezi hayo. Lakini honi ile aliijua kuliko kengele yoyote ya shule. Na kesho, ikilia, kusingekuwa na mtu wa kumfikia Igalula. Akavua kofia.

"Mzee, sharti nimelifuta. Nina shida. Nisaidie."

Salmini akamtazama. "Utarudisha nini?"

"Chako."

"Na nini tena?"

Mdomo wa Ambrosi ulifunguka. Jibu lilikuwa tayari, limenyooka, la haki. Akalimeza. Likashuka kwa uchungu kama mwarobaini.

Mzee akafungua mtoto wa meza, akampa fedha bila karatasi wala shahidi. "Kimbia, mwanangu! Usimsimamishe binti wa watu."

Dirishani mwa treni, miombo ikirudi nyuma, Ambrosi alishikilia mfuko wa shati kwa kiganja. Honi aliyoisikiliza kwa mbali mwaka mzima sasa ilikuwa inalia juu ya kichwa chake, lakini bado moyo ulimuuma vilevile, kana kwamba angali mezani kwake na madaftari.

Igalula ilipojitokeza, aliona kitenge cha buluu kimesimama peke yake mwisho wa jukwaa, kimegeukia mabehewa ambayo siyo. Pelagia alikuwa bado hajamwona. Ambrosi aliinua mkono hata hivyo, akauacha hewani mpaka treni iliposimama.