Kufika Amina

Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona kola za sare za shule, basi. Aliyekaa kabla yake aliunga mabega, aliyemfuata alitia vifungo, na shati lilipita kati yao kama sahani inayopokezanwa mezani. Mmoja akisimama hata kujikuna tu, mashati yalirundikana na laini nzima ikamkodolea macho. Kwa hiyo watu walijikunia nyumbani.

Shida ya Mama Kola haikuwa kujikuna. Shida yake ni kwamba tangu aajiriwe hakuwahi kufika Amina. Usiku alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza Baba Yetu, na kabla ya kufika kwenye mkate wa kila siku alikuwa ameshalala, shavu juu ya shuka. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimnyanyua na kumlaza vizuri. "Utamalizia kesho," alimnong'oneza. Kesho yenyewe ilianza na chai, viatu vya watoto, na mama mkwe akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Siku moja alijaribu kusali huku akishona. Akafumba macho kidogo, sindano ikamchoma kidole. Kidole kilipona, lakini roho iliendelea kumuuma. Alijiona kama mtu anayempigia mzazi wake simu kila siku na kukata kabla ya kumjulia hali.

Jumanne moja, chakula cha mchana kikiwa bado, alisema kimoyomoyo, "Bwana, nipe kanafasi kadogo tu." Akasimama kunyoosha mgongo. Mikono yake haikusimama naye. Ilibaki kwenye cherehani, imeachana naye pale kwenye vifundo vya mikono, ikiendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano. Hapakuwa na damu. Mama Kola aliinama kuangalia kama mshono umenyooka. Ulikuwa umenyooka.

Akaenda stoo, akapiga magoti katikati ya marobota ya kitambaa, akasali tangu mwanzo hadi mwisho bila kusinzia. Alipotamka Amina alifurahi mpaka akacheka peke yake. Akaitamka tena, maana walikuwa wamepoteana siku nyingi.

Msimamizi wa laini alipita wakati huohuo. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye saa mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, ili moja ikimdanganya nyingine imwambie ukweli. Akaitazama ile mikono.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kusali," alijibu Mama Vifungo, jirani yake wa laini, bila kuinua kichwa. "Mikono kaiacha."

Msimamizi akapima kola moja kwa rula. "Haina neno. Mradi laini haisimami."

Mama Kola aliporudi aliingiza vifundo mahali pake, mikono ikashika, kazi ikaendelea. Kuanzia hapo alisali kila siku stoo. Aliwaombea watoto mmoja mmoja, akamwombea mama mkwe macho, akapata hata wasaa wa kunyamaza tu na kusikiliza. Nyumbani aliacha kufoka. Usiku alilala bila deni la kupiga magoti, kwa amani, na mume wake akasema siku hizi hata kukoroma ameacha. Hilo halikuwa kweli, lakini lilimpendeza.

Jumamosi moja msimamizi alimfuata mlangoni. "Dada, oda ya shule bado haijaisha. Ungetuachia mikono kesho? Wewe mwenyewe nenda zako kanisani. Hatumzuii mtu kuabudu, sisi si watu wabaya."

Mama Kola hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alitaka kumwambia kuwa Jumapili ni ya mikono pia. Lakini akaikumbuka stoo na yale marobota, akaogopa kunyimwa. "Haya," alisema.

Asubuhi mume wake alimfunga vifungo vya gauni na kumvika kilemba. Kilikaa upande, naye akakisifia sana ili asiambiwe arudie. Mtoto mdogo alimshika kiwiko.

"Mikono iko wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Kazini, mama."

"Hata Jumapili? Haya, isije ikachoka tu."

Kanisani Mama Vifungo naye alikuwa amekuja bila mikono yake. Dereva wa lori alikuwa ameacha mguu wa kulia kwenye pedali, akaegemea benchi. Mlinzi alikuwa ameacha macho getini, mkewe akamwongoza hadi kwenye kiti. Dada wa mapokezi alikuwa ameacha sauti kwenye meza ya ofisi, akaimba kwa midomo tu, kwa bidii. Mchungaji, ambaye hakuwa na mwajiri mwingine, alikuja mzima. Alisema wamshangilie Bwana kwa makofi. Mama Kola akapiga mguu sakafuni, Mama Vifungo akafuata, dereva akapiga ule aliobaki nao, na kanisa zima likatikisika mpaka madirisha yakalia. Ulipofika wakati wa kupeana amani, waligusanisha vipaji vya nyuso. Mama Kola alitoka pale akiwa amefurahi kweli.

Jumatatu aliikuta mikono kwenye cherehani, inanuka mafuta ya mashine. Msimamizi alikuwa amesimama kando yake.

"Dada, jana umeme ulikatika asubuhi. Mikono yako ikafumbana."

"Ikafumbana vipi?"

"Kiganja kwa kiganja, hivi. Umeme ukarudi, bado imefumbana. Nikaigusa kwa adabu, haikuachana mpaka ilipomaliza."

"Ilipomaliza nini?"

"Mimi nitajuaje? Ilipomaliza." Akatazama saa ya kulia, kisha ya kushoto. "Tafadhali uiambie, mambo hayo ni baada ya zamu. Na Jumapili ijayo tutaihitaji tena."

Mama Kola alivaa mikono yake. Ilikuwa na joto. Alishona hadi karibu na mchana, kisha akasimama, akaiacha, akaenda stoo. Hakuwa ameiambia lolote. Msimamizi alivuta kiti akaketi mbele ya cherehani, kuichunga isije ikafumbana tena.

Katikati ya marobota, Mama Kola aliwaombea watoto, akamwombea mama mkwe, dereva, mlinzi na yule dada wa mapokezi. Na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, alimwombea na msimamizi, ambaye sasa hakuwa na wakati hata wa kujikuna. Kisha, bila haraka, akafika Amina.