Manukato ya Mwanamke wa Leo

Kila jioni, kabla lango la kiwanda halijafunguliwa, wanawake wa chumba cha mafuta walijipanga mstari na kufumua nywele zao. Hapo Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, ndiyo ilikuwa desturi. Zamani mmoja wao alikutwa ameficha donge la mafuta yaliyokolea harufu ya asumini ndani ya fundo la nywele, na tangu siku hiyo wote walikuwa wezi mpaka vidole vya nyapara Giraudy viseme vingine. Kwa watu wazima kama Palmira vidole vilipita upesi. Kwa binti yake Delfina vilikawia, vikateremka shingoni, na Palmira, aliyesimama nyuma yake tu, aliangalia chini.

Jumatatu moja Delfina aliingia kazini nywele amezikata hadi masikioni.

"Umepatwa na wazimu gani?" Palmira alimnong'oneza, wote wawili wakipanga maua, moja moja, juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ili yanywe harufu yake.

"Sina tena cha kupekuliwa, mama."

Jioni Giraudy alimzunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu mwanamke au mwanamume? Malaya wa Marseille ndio wanaojinyoa hivi. Hapa wanafanya kazi wanawake wa heshima." Akamgeukia Palmira. "Ndivyo mnavyoleana huko kwenu Italia? Hebu sema, mama, wenzako wasikie. Na ukisema, kumbuka unalala chumba cha nani."

Chumba kilikuwa cha kiwanda. Ndani yake alikaa mume wa Palmira, aliyepofushwa na baruti ya machimbo ya mawe, mtu asiyeweza hata kushuka ngazi peke yake. Mwanamke wa pembeni alimgusa Palmira kiwiko.

"Mwenye nguvu mpishe, dada."

"Sikumlea hivyo," Palmira alisema. "Amenitia aibu."

"Hatusikii," Giraudy alisema.

"Amenitia aibu," akarudia kwa sauti. Giraudy akamfukuza binti kazi palepale.

Delfina hakulia. Alivua aproni, akaikunja, akamkabidhi mama yake, akatoka. Nyumbani walikula polenta, sima ya mahindi ya kwao Italia. Ile aibu aliyomsingizia mwanawe ilimrudia Palmira mwenyewe, akaisogeza sahani yake kwa mumewe.

Alhamisi walikuja wageni kutoka Paris. Aliyetangulia alikuwa mke wa tajiri wa manukato, mwembamba, sigara mkononi, nywele zake zimekatwa hadi masikioni. Giraudy aliinama akambusu mkono.

"Wanawake wamechoka kunukia kama bustani za bibi zao," bibie alieleza, akiinua chupa ya manukato mapya. "Haya ni ya mwanamke wa leo. Anayejimiliki, asiyemwomba mtu ruhusa." Akawatupia macho wanawake waliokuwa mezani. "Lakini wenu wote wana mafundo ya nywele. Hamna hata mmoja wa kisasa? Nataka picha."

"Yupo, bibie. Leo tumempumzisha tu." Giraudy akamsogelea Palmira kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha. "Mama, hebu mkimbilie binti."

Alimkuta Delfina uani anafua nguo za watu.

"Wanakuita kiwandani."

"Wamenirudisha kazini?"

"Wanataka kukupiga picha."

"Halafu?"

Palmira hakuwa ameuliza. Haikumpitia hata akilini kuuliza, na sasa alitamani ardhi immeze.

"Chumba, mwanangu," alisema. "Fikiria baba yako."

Delfina alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaianika, akafuta mikono.

Walimsimamisha dirishani wakampa chupa ashike. Bibie akamwambia ainue kidevu, atazame kama mtu asiyemwogopa yeyote. Aliinua, picha ikapigwa. Bibie akafurahi, akasema huyu ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta. Kisha wageni wakaenda kula, na Giraudy akaitwaa ile chupa, akaifuta alama za vidole kwa leso yake.

"Pita mlango wa nyuma, na usirudi," alisema. "Sitaki wenzako waanze kuiga."

Njia ya mlango wa nyuma ilipita katikati ya meza. Palmira alisikia viatu vya mbao vya Delfina vikija, vikipunguza mwendo, vikisimama mbele yake. Palmira hakuinua macho. Akachukua ua, akalilaza juu ya mafuta, akachukua jingine.