Kiota cha Chozi Siku ya Ruracio

Mwihaki alirudi Yamumbi na mfuko wa viazi kwenye boda boda, akakuta vichaka vyake vyote vya maigoya vimelala chini. Ua mzima, kutoka langoni hadi dirisha la jikoni, ulikuwa umefyekwa, na hapo ulipokuwa pamesimamishwa hema la kukodi na viti vyenye vitambaa vyeupe.

"Karibu, Mama Cate," alisema Irungu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akijipangusa viganja kana kwamba ndiye aliyeshika panga. "Tumekutolea hiyo bush. Wageni wa ruracio wasikuje kupata tunaishi na manyoka."

Damu ilimchemka. Ndivyo wafanyavyo wote hapa Yamumbi: siku ya kuleta mahari ikikaribia, kila kilicho kijani hukatwa hadi udongo ubaki mtupu, ili wakwe waseme hawa ni watu safi. Usafi gani huo? Maigoya hayo aliyapanda mwenyewe kwa vijiti. Yalipotoa maua ya zambarau nyuki walikuja, vinyonga wakaja, na mwaka huu chozi, yule ndege mdogo wa kufyonza maua, akaning'iniza kiota mbele ya dirisha la jikoni. Makinda walikuwa wameanguliwa juzi tu.

Mwihaki alipiga magoti kwenye rundo la matawi, akapekua mpaka akakipata kiota kimebanwa chini, bado kimeshikilia tawi lake. Makinda wawili, uchi kabisa, walikuwa bado hai. Juu ya hema mama yao alizunguka akilia, akitafuta kichaka ambacho hakipo.

"Ondoeni hema," alisema Mwihaki.

"Mama Cate, wageni wako njiani, wamefika hapo Turbo tayari."

"Ondoeni. Huyo ndege hawezi ingia chini ya hema."

"Na wazee watakaa wapi?"

"Kwa jua."

Irungu alijaribu kucheka. "Lakini maigoya si itaota tena?"

"Itaota. Na hawa?" Alimsogezea kiota usoni mpaka shemeji yake akarudi nyuma. "Wewe ndio msemaji wa hii familia leo. Wakiuliza mbona wanachomeka, uwaambie na mdomo wako ni nini ulikata."

Cate, binti yake anayeposwa, ambaye siku ilikuwa yake, alitoka jikoni, akamtazama mama yake, akaanza kufungua kamba za hema.

Mwihaki alilisimika lile tawi lenye kiota mahali pake pa zamani, akalifunga kwenye kigingi. Wageni walipofika walikuta viti vyao mbali, juani. Irungu alisimama, akakohoa, akawaeleza sababu, jasho likimtiririka hadi kwenye tai. Mzee mmoja wa upande wa bwana alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mazungumzo ya mahari yakaanza, na mama wa binti hakusikia hata neno moja. Macho yake yalikuwa kwenye kigingi.

Kisha chozi akashuka na mdudu mdomoni. Akasita, akazunguka, akaingia kiotani.

Irungu alimwinamia Mwihaki, uso umemlegea kwa furaha. "Si umeona, Mama Cate? Amerudi. Hakuna kitu imeharibika."

"Amerudi kwa watoto wake," alisema Mwihaki bila kumtazama. "Hajarudi kwako. Hata mimi sijakusamehe."