Sauti ya Mtu Anayenyongwa

Mimi ni fundi sauti. Kazi yangu ni kukaa upande huu wa kioo, kubonyeza kitufe chekundu na kufunga mdomo. Katika miaka ishirini na sita nimezirekodi sauti za Kiswahili za wapenzi, majambazi, mapadri na hata mbwa wawili wanaosema. Zote zimenipita. Iliyonikaa kooni ni ile ya kumnyonga Mjomba.

Studio nzima tulimwita Mjomba, ingawa mpwa wake wa kweli alikuwa mmoja tu, binti tuliyemwita Kwato. Mama yake Kwato alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Mjomba akamchukua, akamlisha, akamsomesha, na alipomaliza shule akamleta kazini kwetu.

Enzi hizo Mjomba ndiye alikuwa sauti ya filamu za kauboi. Zilikuja filamu za zamani, za vumbi na farasi na bastola kiunoni, nasi tukaziingizia Kiswahili, na kila Jumamosi televisheni ikazionyesha. Kila kauboi mkuu alikuwa yeye. Kuna watu wazima leo ambao bado wanaamini kwamba huko kwenye majangwa yale wote waliongea kwa sauti ya Mjomba, nzito, kavu, isiyo na haraka. Sifa yake kubwa haikuwa maneno. Katika *Bonde Kavu*, filamu aliyopendwa nayo kuliko zote, kauboi hasemi hata sentensi mia moja. Kilichobaki ni pumzi. Mjomba alijua kupumua kama mtu aliyekwisha kuamua kuua lakini bado anafikiria kama kuna haja. Nilimwona akilirudia neno "Shuka" tangu asubuhi hadi adhuhuri, na la mwisho lilinisimamisha nywele.

Kwato naye alikuwa kwato. Jina hilo alipewa na Mjomba mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya trei la kokoto, vifuu viwili vya nazi mikononi, akitoa mwendo wa farasi: wa kutembea, wa mbio, wa farasi aliyejeruhiwa. Miaka kumi na moja. Alipiga pia kelele za watu wa mlimani, wale ambao katika filamu za zamani hushuka wakipiga mayowe na kuanguka mmoja mmoja bila kusema neno. Watu arobaini, koo moja.

Siku tulipokuwa tunairekodi *Bonde Kavu*, mama aliyepewa sehemu ya mjane alichelewa. Kwato akainuka magotini.

"Mjomba, naijua sehemu yake yote kwa kichwa. Nijaribu?"

Mjomba akatabasamu. Akawaita wote waingie chumba cha kurekodia, hadi mfagiaji. Kwato akasoma. Nilikuwa na hedifoni masikioni, na naapa alisoma vizuri. Pale mjane anapomwambia kauboi asirudi tena, nilisahau kutazama vitufe. Mjomba akamwacha amalize. Kisha akawageukia watu.

"Nani kamkanyaga mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia. Mkubwa akitoa meno, nawe unatoa.

"Rudi kwenye kokoto, Kwato," akasema. "Farasi hawana maneno."

Kwato akarudi. Mchana ule alipiga mbio za farasi mpaka ngozi ya magoti ikachubuka. Mwaka uliofuata akaacha kazi, na hatukumsikia kwa muda mrefu.

Dunia ikageuka. Filamu za kauboi zikapitwa, Mjomba akakosa kazi, nywele zikawa nyeupe. Kwato alikuwa amejifunza kazi kwingine. Alitafsiri, akaongoza, akasifiwa. Mwenye studio alipozeeka akamtafuta na kumkabidhi uongozi. Mwosha huoshwa, watu wakanong'ona kwenye korido, lakini wiki zikapita, miezi ikapita, na Kwato hakumtaja Mjomba hata mara moja.

Ndipo ikaja *Bonde Kavu* mpya. Wakubwa wa huko zinakotengenezwa walikuwa wameirudia upya, waigizaji wapya, rangi kali, damu nyingi. Mjomba akasikia. Asubuhi moja akatokea mapokezi, mgongo umenyooka, mkanda mpana wa ngozi kiunoni, mke wake nyuma yake amebeba mkoba.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Kwato.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnanihitaji."

Hakuna aliyekuwa amemwita. Kwato akamtazama kidogo. "Karibu. Tuitazame kwanza."

Tukaketi watatu, yeye, Mjomba na mimi. Dakika kumi tu Mjomba akaanza kuhangaika kitini.

"Kauboi yuko wapi?"

"Hayupo. Safari hii mpanda farasi ni mjane."

"Mjane? Mjane kazi yake ni kusimama mlangoni!"

"Amechoka kusimama."

Kwenye skrini jambazi alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpiga.

"Na huyu mbona anaeleza?" Mjomba akauliza. "Jambazi haelezi utoto wake. Jambazi anapiga risasi, anakufa, tunaenda nyumbani. Hawa wanaongea kama wamekodishwa kwa neno. Kimya kiko wapi?"

Nikiri kwamba nilikuwa upande wake hapo. Ile ya zamani ilikuamini. Ilikuonyesha mtu, mlango na upepo, ikakuachia mwenyewe uogope. Mpya ilikushika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Kisha wakashuka watu wa mlimani. Safari hii hawakupiga mayowe. Waliitana majina, walibishana, mmoja alimtania mwenzake kuhusu kiatu chake kibovu. Na walipoanza kuanguka, nilimtafuta yule wa kiatu kwa macho.

"Wamewapa majina," Mjomba akanung'unika, "na bado wanakufa."

"Ndiyo," akasema Kwato. "Lakini sasa tunajua amekufa nani."

Mwisho ikaja sehemu ya mwizi wa farasi. Katika ile ya zamani ananyongwa kivulini: unaona ukuta, kamba inatikisika, basi. Katika mpya kamera haiondoki. Mzee amevishwa gunia kichwani, na kwa dakika nzima na zaidi unamsikia akikata roho. Mjomba akageuza uso.

"Hii si filamu. Hii ni bucha."

"Hiyo ndiyo sehemu yako," akasema Kwato.

Mjomba akacheka, akidhani ni utani. "Ana maneno mangapi?"

"Hana."

Nilidhani angesimama, avute mkanda wake juu, aondoke. Hakuondoka. Alikuwa na miaka saba hajasimama mbele ya maiki, na mtu mwenye njaa haulizi sahani imeoshwa na nani. "Haya," akasema taratibu. "Nimepumulia watu wengi. Nitampumulia na huyu."

Siku ya kurekodi, mke wake alinivuta kando kwenye korido. Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache. "Mwaka jana alipasuliwa koo," akaniambia. "Daktari kasema hata kukohoa akohoe kwa adabu. Yeye hatakwambia. Wewe ndiye mwenye vitufe, nakuomba umwangalie."

"Nitamwangalia, Mama."

Sikumwambia Kwato. Nilijidanganya kwamba ni kazi ya dakika moja, itakwisha kabla ya chai.

Mjomba akaanza. Mara ya kwanza alikuwa mzuri, fundi wa zamani yule yule: pumzi inapanda, inakwama, inakatika kama uzi.

"Ni nzuri sana," akasema Kwato kwenye spika. "Nzuri mno. Nasikia mwigizaji. Tena."

Mara ya nne: "Unakufa kwa heshima, Mjomba. Hakuna anayekufa kwa heshima. Tena."

Mara ya tisa: "Bado nasikia kauboi. Tena."

Aliyasema hayo kwa upole, kalamu mkononi, na kila mara akaandika alama ndogo kwenye karatasi. Mjomba alikunywa maji. Alifungua kifungo cha shati. Mara ya kumi na saba alifuta mdomo kwa leso, akaitazama leso, akaikunja haraka na kuitia mfukoni. Nami niliona wekundu.

Nikanyanyua mkono kutoka kwenye vitufe. "Dada, koo lake halijapona. Alipasuliwa."

"Najua," akasema Kwato.

Nikamgeukia.

"Dunia ndogo," akaongeza. "Umechoka? Mafundi wako wengi."

Nina watoto, nina kodi ya nyumba, nina kila kisingizio mtu anachoweza kuwa nacho. Nikarudisha mkono.

Mara ya ishirini na tatu Mjomba hakupumua kifundi. Alishika kistendi cha maiki kwa mikono miwili. Kilitoka kitu kama mlango unaokwaruza sakafu, kikarudi ndani, kikatoka tena. Kisha akasema, akitazama kioo, si maiki:

"Mwanangu, inatosha. Nimekosa. Mwanangu, nakuomba, inatosha."

Sauti ikakatikia hapo. Midomo iliendelea kwenda, lakini hakukuwa na kitu nyuma yake.

Kwato akaweka kalamu chini. "Tumepata," akasema.

"Lakini amesema maneno," nikamwambia. "Mwizi hana maneno."

"Ana gunia kichwani. Nani ataona midomo?"

Sauti ya Mjomba haikurudi. Si wiki ile, si mwezi ule. Daktari alimwambia mke wake kwamba kilichochanika hakina sindano ya kukishona. Kwato alituma salamu za pole na kadi mbili za mwaliko wa uzinduzi, viti vya mbele.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Wengi walikuwa watu wa rika langu, waliolelewa na zile Jumamosi za vumbi. Mjomba alikuja amevaa suti. Watu walimpa mkono, wakamwambia, "Tuambie neno moja tu, Mjomba! Sema 'Shuka'!" Naye akatabasamu, akagusa shingo, akatikisa kichwa. Wakadhani anaringa.

Ilipofika sehemu ya mwizi, ukumbi ulikufa ganzi. *Mwanangu, inatosha. Nimekosa.* Bibi mmoja nyuma yangu alianza kulia. Nilimwona mke wa Mjomba akigeuka polepole kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameweka mikono magotini, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Tukio likaisha na watu wakapiga makofi katikati ya filamu, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Taa zilipowaka, mtu mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alilingojea: ipi bora, ya zamani au mpya?

"Ile ya zamani ilikuwa na adabu," akajibu Kwato jukwaani. "Watu walikufa kimya, wengine wakabaki wanavutia. Niliipenda sana. Niliisikiliza yote nikiwa nimepiga magoti."

Watu wakacheka bila kuelewa. Mke wa Mjomba akasimama.

"Yule mzee wa kwenye gunia," akasema, "yule hakuwa anaigiza!"

"Kweli kabisa, Mama!" mtu akapaza sauti, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Alibaki amesimama katikati ya makofi yale mpaka mumewe alipomvuta mkono akaketi.

Wiki mbili baadaye niliwatembelea. Nilikuwa nimeinakili *Bonde Kavu* ya zamani kwenye flashi, nikifikiri mzee angalau ajisikie enzi zake. Mke wake alinifungulia, akaitazama flashi mkononi mwangu.

"Hiyo haitaki," akasema. "Anatazama ile nyingine, nakala waliyompa siku ya uzinduzi. Asubuhi hadi jioni, dakika ile ile. Mimi naenda kukaa jikoni, nafungulia maji nisisikie."

Nilimkuta sebuleni amejongea karibu na televisheni. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inaomba. Alipokwisha kufa akairudisha nyuma, akafa tena. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo niliiona mara ya mwisho siku ya lile neno "Shuka." Akachukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: *Kazi yangu bora kuliko zote. Nyingine zilikuwa pumzi za kuigiza. Mwambie mtoto nashukuru. Alijua kuitoa ndani yangu.*

Nilifikisha ujumbe. Sijui kwa nini. Labda nilitaka Kwato aone haya. Alikuwa ofisini anasahihisha tafsiri. Alisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akauinua.

"Bora?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Anatabasamu."

Sijawahi kumwona mtu akiibiwa mbele ya macho yangu vile. Akaweka kiganja juu ya karatasi. Halafu akaniuliza kama nakala ya televisheni imeshapelekwa.

"Bado. Kesho."

"Toa sauti yake. Na jina lake kwenye orodha, toa."

"Niweke nini?"

"Yako. Kukohoa unajua."

"Dada, mzee atakuwa anangoja kuiona. Majirani wameshaambiwa."

"Ndiyo," akasema.

Niliingia upande wa pili wa kioo, ambako sikuwahi kusimama kikazi hata siku moja, naye akakaa kwenye kiti changu na kubonyeza kitufe. Nilikohoa, nikakoroma, nikanyamaza. Akasema ni sawa, tukaenda kula.

Ilionyeshwa Jumapili. Sijapita tena mtaa ule wa Mjomba.