Sifuri ya Mzee Faraji

Ofisi ya viwanja ilipoletewa kompyuta, Bahiya Aidarus ndiye aliyekabidhiwa. Mtaalamu aliyeiandika programu alikuwa ameshamaliza mkataba na kurudi kwao Ulaya, na katika idara nzima hapakuwa na mwingine aliyesomea mashine hizo. Wakampa chumba cha peke yake chenye kiyoyozi, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Wenzake wakinywa chai barazani, vicheko vyao alivisikia kupitia ukutani.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Nyumba ya marehemu baba yake, kule Temeke, ilikuwa na vyumba tele, ila ndugu zake walishahamia Maskati mmoja baada ya mwingine, na mama naye akatangulia mbele ya haki. Bahiya alipika chakula cha mtu mmoja, na bado kilibaki.

Kazi ya programu ilikuwa kuchuja maombi. Karani anaingiza majibu ya mwombaji, mashine inampitisha au inamkataa. Mzee Faraji Mwinshehe, mkaanga samaki wa Kunduchi, ilimkataa. Akaomba upya, ikamkataa tena. Ndipo akaja kugonga mlango wa Bahiya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayekaa na hiyo mashine. Hebu niulizie, mie imeniona na kosa gani?"

Bahiya akayafungua maombi yake. Kwenye kioo yakatokea maneno: MAOMBI HAYAJAKAMILIKA. Akayapitia taratibu. Jina lipo, umri upo, kazi ipo, hata sanduku la posta lipo, ingawa lilikuwa la msikiti. Hakuna swali lililokosa jibu.

"Sioni kosa lako, mzee. Niachie nitafute."

Alipoondoka, Bahiya akambuni mwombaji, akamwita Jamali, akampa majibu yote ya Mzee Faraji. Jamali akakataliwa. Basi akawa anambadilisha kitu kimoja kimoja. Akampunguzia umri, wapi. Akampa kazi ya ofisini, wapi. Akamhamishia Mikocheni, mashine ikakataa vilevile. Mwisho akafika kwenye idadi ya watu anaoishi nao. Mzee Faraji alikuwa amejibu sifuri. Bahiya akamwekea Jamali mtu mmoja, na mashine ikampitisha papo hapo.

Akaingia ndani ya programu akaisoma kanuni yenyewe. Mtaalamu aliamuru kwamba swali lililoachwa wazi lihesabiwe sifuri. Mbele kidogo akaamuru kila sifuri irudishwe kama swali lisilojibiwa. Haikumpitia kichwani kwamba mtu anaweza kuishi peke yake na akasema hivyo.

Bahiya akafuta jina la Jamali, akaandika lake na majibu yake. Alijua itakavyokuwa, lakini alitaka kuona. Mashine ikamkataa yeye pia, akainuka kwenda kueleza.

Mkuu wake, Bwana Leodegar, hakutaka usumbufu. "Dada Bahiya, kanuni hizo zimepitishwa na kamati. Tukizigusa tutaulizwa. Mwambie huyo mzee aandike mtu mmoja, yeyote tu. Mpwa, mjukuu. Nani atakwenda kumhesabia?"

Mzee Faraji aliporudi, Bahiya akamweleza hivyo, maana ndiyo ilikuwa njia nyepesi. Mzee akainamia kofia yake akiizungusha mapajani.

"Nimwandike nani, mwanangu? Nilikuwaga na mke wangu, Mwamvita. Nimemshusha kaburini kwa mikono yangu hii. Nikimwandika kwamba yu hai, leo nikirudi nitamkuta?"

Bahiya akaona haya. Akamwomba asubiri barazani, akarudi kwa Leodegar.

"Mkuu, kamati ilitaka kila swali lijibiwe. Haikusema asiye na mtu asipewe kiwanja. Sifuri ni jibu."

"Watu wa namna hiyo wako wangapi?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Akamleta kwenye mashine, akaiamuru iyachape majina ya wote waliokataliwa kwa sifuri ile. Printa ikalia, karatasi ikajikunja sakafuni: wajane, wastaafu, manesi, walinzi. Leodegar akaisoma amesimama, kisha akavuta kiti. Kidole chake kikakwama kwenye jina moja.

"Avelina? Si yule aliyekuwa mhudumu wetu hapa?"

"Ndiye. Alidhani tumemkataa makusudi."

Leodegar akavua miwani. "Rekebisha. Kamati nitaongea nayo mie."

Bahiya akaliwekea swali lililoachwa wazi alama yake, na sifuri akaiacha iwe sifuri. Akamrudisha Jamali, mara hana mtu, mara hakujibu kabisa, mpaka mashine ilipojua tofauti. Kisha akawapitisha upya wote waliokataliwa. Kati yao wengine walipata viwanja, wengine wakakuta vimekwisha, wakabaki kungoja mgao mwingine.

Mzee Faraji alipata. Baada ya kuonyeshwa mipaka alikuja ofisini, akaketi, wala hakuwa na uso wa mtu aliyefurahi.

"Mwamvita ndiye aliyekitaka," alisema. "Mie nilikuwa nikimfuatia tu. Jana nimesimama katikati ya nyasi, nikageuka nimwambie, tazama..."

Bahiya alitafuta neno la pole, akaona yote anayoyajua ni ya msibani, na msiba ule ulishapita. Akasogeza kiti karibu.

"Alitaka nyumba ya vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Hebu nielezee alivyotaka vikae."

Mzee akamtazama kama anayehofia kutaniwa. Kisha akainua mkono, akaanza kuchora hewani.

"Mlango uwe huku. Huku sebule. Na jiko liwe nje kabisa, nyuma, maana alikuwa amechoka kulala na harufu ya samaki."

"Na dirisha la chumbani?"

"Dirisha tuligombania," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ngoja nikwambie."